Kwa nini bando la bei rahisi lianze saa sita usiku?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu. Nikuombe radhi mapema, mimi ni fundi cherehani sio mwandishi, na hii barua naiandika kwenye simu huku wateja wanaingia wanatoka, kwa hiyo ikipinda mahali utainyoosha.

Mwaka jana mwezi wa tatu mwalimu wa darasa alinipigia akaniambia mama njoo shule, nikajua tayari, kapiga mtu au kapigwa. Kumbe kijana wangu analala. Sio kusinzia, analala kabisa, kichwa kwenye dawati mate yanatoka, kuanzia kipindi cha kwanza mpaka cha tatu, halafu mchana ndo anachangamka wakati wenzake wamechoka. Hesabu aliyokuwa anapata 70 imeshuka mpaka 28. Sasa hivi yupo Form Three, yaani mwakani Novemba anakaa mtihani wa taifa, sasa 28 si ndo naenda kununua cherehani ya pili nimweke pembeni yangu?

Nikampeleka zahanati nikijua malaria, maana sisi huku mtoto akilegea neno la kwanza ni malaria. Wakampima hakuna kitu. Nikasema basi minyoo, nikampa dawa. Nikasema damu imepungua, nikamchemshia rozela na kumpikia matembele mwezi mzima mpaka ikawa akiona kitu chekundu kwenye glasi anakimbia. Bibi yake kule Lindi akapiga simu akasema huyo mtoto kachezewa na wachawi, mleteni. Tulikuwa tumeshaanza kupiga hesabu ya nauli.

Mara ya pili niliporudi zahanati, tabibu wa zamu, kijana mdogo tu, akaniuliza swali ambalo mimi niliyemzaa sikuwahi kujiuliza. Analala saa ngapi? Nikajibu kwa kujiamini, saa nne. Akaniangalia akauliza tena, anaingia kitandani saa nne, au anapata usingizi saa nne?

Usiku ule nikaamka saa nane nikasukuma mlango wa chumba chao taratibu. Chandarua kinawaka. Waliokulia pwani watanielewa, ni kama karabai ya wavuvi wa dagaa unavyoiona kwa mbali, giza totoro kila upande halafu taa moja inaelea, na samaki wanaifuata. Mdogo wake amelala fofofo, yeye amekaa kitako ndani ya chandarua, hedifoni masikioni, ananong'ona, "njoo huku, nifunike, kuna mtu nyuma ya nyumba". Kwanza nikadhani anaweweseka. Kumbe yuko vitani, anacheza Free Fire na wenzake watatu ambao nao wako ndani ya vyandarua vyao huko Kongowe na Chamazi.

Sikugomba usiku ule, nilikuwa na hasira ya kuamsha mtaa mzima. Asubuhi nikamuuliza kwa nini saa nane ya usiku, kwani jioni gemu halichezeki? Akanijibu taratibu kama anamwelekeza mgeni aliyeshuka leo kwenye basi la mkoani: mama, bando la usiku ndo rahisi, kila mtu anaingia saa sita.

Kila mtu anaingia saa sita. Nikauliza kila mtu ndo nani, akanitajia nusu ya darasa.

Hapo ndo nikafungua menyu ya vifurushi mwenyewe nione. Jamani. Hela ambayo mchana inakupa kibando cha kuangalia video tatu nne kikakata, usiku inakupa bando ambalo hata ukitaka kulimaliza huwezi, linaanza saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi linakufa, halikusubiri. Yaani ushalilipia, ukilala umelitupa. Sasa mtoto wa miaka 16 aliyejibana nauli yake ya denti, 200 ya leo na 200 ya kesho akatembea kwa miguu kwenye jua, ndo alale aache bando life? Hata mimi nisingelala.

Na laini yenyewe imesajiliwa kwa kidole changu, kwa sababu mtoto hana kitambulisho cha taifa cha NIDA. Kwa hiyo huko kwenye kompyuta zao wanaona mama wa miaka 44 wa Mbagala ananunua bando la usiku karibu kila siku. Sijui walidhani nafanya biashara gani.

Binti yangu mkubwa anasoma uuguzi, nikamwambia nitafutie hii habari ya usingizi wa watoto wakubwa inasemaje, maana tabibu alinipa dakika tano tu na foleni ilikuwa mpaka nje. Akanisomea kwamba madaktari wa usingizi wa Marekani mwaka 2016 walikaa wakakubaliana kuwa mtu wa miaka 13 hadi 18 anatakiwa alale masaa 8 mpaka 10 kila siku. Nikacheka. Nikamwambia hebu tupige hesabu hapa hapa. Mdogo wako anaamka saa kumi na moja kasoro robo, kwa sababu ukitoka Mbagala ukachelewa ukafika kituoni saa kumi na mbili na sare yako ya shule konda anakuona kama mzigo, anakupita. Ili apate masaa 8 inabidi awe usingizini saa tatu kasoro robo usiku. Saa hiyo mimi bado natoa maharage jikoni! Ana vyombo vya kuosha, ana maji ya kuchota, ana hesabu za kesho. Kwa hiyo kabla hata simu haijaingia kwenye hii habari mtoto ameshaibiwa usingizi, mimi mwenyewe nimo, shule imo, daladala imo.

Halafu binti akaniambia kitu kingine kilichoniuma kwa sababu miaka yote nimekuwa nawagombeza kwa jambo ambalo kumbe sio kosa lao. Anasema mtoto akibalehe saa ya mwili inasogea, ile homoni ya melatonini inayouambia mwili sasa ni usiku inaanza kutoka kwa kuchelewa, inaweza kuchelewa hata masaa mawili ukilinganisha na alivyokuwa mdogo. Ndo maana yule aliyekuwa anasinzia kwenye sahani saa mbili, akifika Form One ghafla saa nne macho makavu. Sio ujeuri. Madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2014 waliziomba shule za sekondari kwao zisianze masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Huku kwetu saa mbili na nusu mwanangu ameshamaliza kipindi kimoja na nusu ya usingizi wake.

Sasa chukua huyo mtoto ambaye usingizi wake wenyewe unachelewa kuja, shule inamuamsha alfajiri, halafu katikati hapo mweke bando linaloanza saa sita. Mwanangu alikuwa anacheza mpaka saa tisa. Toka saa tisa mpaka saa kumi na moja kasoro robo hata masaa mawili hayafiki. Na aliendelea hivyo kwa miezi, mimi namnywesha rozela.

Wazee wenzangu najua mnataka kusema zamani hatukuwa hivi. Tulikuwa hivi. Mimi nimetoroka nyumbani kwenda kibanda umiza kuangalia mikanda ya Kichina, kumi tumebanana benchi moja, jasho. Ila kibanda kilikuwa na mwenye kibanda. Saa ikifika anazima, anatoa watu, anafunga kufuli anakwenda kulala na yeye. Simu haina mwenye kibanda. Video ikiisha nyingine imeshaanza kabla hujaamua kama unaitaka, gemu likiisha wenzako wanasema moja ya mwisho, na ya mwisho ina mdogo wake.

Nilivyoanza kuuliza uliza nikauziwa na mawazo ya kila aina. Kijana mmoja muuza simu Kariakoo akaniambia tatizo ni mwanga wa bluu, akanibandikia proteka ya kuuzuia, elfu kumi na tano, inafanya kioo kiwe njano kama ukuta wa hoteli ya mtaani. Kijana wangu akaendelea kukesha vile vile, ila sasa kwa rangi ya njano. Baadaye binti akanionyesha kuwa mwanga una kaukweli kake, kuna watafiti wa Boston ambao utafiti wao ulitoka mwishoni mwa 2014, walichukua watu 12 wakawaweka ndani, siku tano wasome kitabu kwenye iPad kabla ya kulala, siku tano wasome kitabu cha karatasi, na wale wa iPad melatonini yao ilishuka na wakachelewa kusinzia kama dakika 10. Dakika 10. Mimi naomba hata leo mwanangu achelewe dakika 10 nitachinja kuku. Kilichokuwa kinamla sio mwanga ni masaa, anayakalia mazima mazima, na moyo unadunda kwa sababu ya vita anayopigana, utazima simu saa tisa lakini mwili bado uko mbioni unakimbia.

Sasa nije kwenye sehemu niliyokosea, naiandika na aibu yangu. Nilichofanya kwanza ni kunyang'anya. Nikachukua simu nikaifungia kwenye kabati la vitambaa, ufunguo shingoni. Wiki ya kwanza nikajisifia kibarazani. Wiki ya pili kijana akaacha kuongea. Akirudi shule anapita salamu ya mdomoni tu, chakula anakula nusu, Jumamosi haendi hata mpira. Halafu mdogo wake akaja kuniambia, wadogo hawana siri, kwamba kaka ana kiswaswadu cha kuazima, usiku anampigia rafiki yake anamuuliza "wamesema nini?"

Wamesema nini? Nani?

Nilimwita tukiwa wawili tu dukani, nikawa nakata kitambaa ili asinione usoni, hiyo nimejifunza, mtoto wa kiume ukimkazia macho anafunga mdomo. Ikatoka kidogo kidogo. Kuna grupu la WhatsApp la darasa, sio lile lenye mwalimu, jingine. Linachangamka usiku wa manane kwa sababu hiyo hiyo ya bando. Huko ndo wanakatana, wanatengeneza stika za sura za wenzao, mtu anapigwa picha amelala darasani wanaandika maneno. Yeye ndo alikuwa amepigwa, kichwa kwenye dawati. Akaniambia, "Mama nikilala naamka nakuta wameshanisema mpaka wamemaliza, bora niwe macho wakisema niwepo."

Mhariri, nilikata kile kitambaa vibaya, kilikuwa cha mteja, nikakilipa.

Angalia mzunguko wenyewe ulivyo. Anakesha ili wasimseme, kwa sababu amekesha analala darasani, akilala darasani wanampiga picha, picha ndo wanayoisema usiku, basi anakesha tena. Na mimi nilivyofungia simu kabatini sikukata huo mzunguko, niliuacha uzunguke yeye akiwa nje haoni.

Kwa hiyo wanaosema simu zinawapa watoto ugonjwa wa akili, na wale wanaosema hapana mnasingizia simu, mimi nawasikiliza wote kwa sikio moja moja. Mganga mkuu wa serikali ya Marekani wa wakati ule, Vivek Murthy, mwaka 2023 alitoa waraka akasema vijana wanaokaa kwenye mitandao ya kijamii zaidi ya masaa 3 kwa siku wana hatari mara mbili ya kupata dalili za sonona na wasiwasi. Na watafiti wa Oxford, Orben na Przybylski, mwaka 2019 walichambua takwimu za vijana wengi sana wakakuta matumizi ya hivi vifaa yanaelezea si zaidi ya asilimia 0.4 tu ya tofauti ya hali zao, yaani kidogo mno. Utamwamini nani? Binti yangu ananiambia ugumu ni kujua kipi kimetangulia, mtoto amehuzunika akakimbilia simu, au simu ndo imemhuzunisha. Kwangu yalikuwa yote mawili kwa zamu. Ila usingizi haukuwa na utata, asiyelala hata maji ya kunywa yanamkera, na huo ni uzito unaoweza kumpunguzia mtoto ukiwa nyumbani kwako bila kusubiri watafiti wapatane.

Na niseme hili haraka kabla sijasahau. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo fulani la afya ya akili. Kama mwanao ameacha kula, anajitenga, anasema heri asingezaliwa, hiyo usiimalizie kwenye bando, mpeleke hospitali, au piga 116 ile namba ya msaada kwa mtoto, ni bure. Sisi tuna tabia ya kusema anadeka.

Tulichofanya baadaye ni cha kishamba kabisa, ndoo. Ndoo ya rangi ya lita 10 niliyoiosha, ipo sebuleni chini ya meza ya tivi karibu na ekstensheni, saa tatu na nusu simu zote za nyumba hii zinaingia mle zinachajiwa humo mpaka asubuhi. Nasema zote. Nilipomwambia kijana wangu hiyo sheria akaniuliza swali moja tu, "na ya kwako?" Nikakaa kimya. Maana mimi simu yangu inalala chini ya mto. Wateja wananitumia mishono saa tano usiku, grupu la kikoba linaamka saa nne watu wanaanza kudaiana, na nikiwa sina usingizi naangalia watu wanavyopika keki ambazo sitazipika maisha yangu yote. Baba yao ni dereva wa daladala anaamka saa tisa, anasema simu ndo alamu yake. Basi nikaenda nikanunua saa ya mezani ya kengele, zile za zamani zenye masikio mawili, elfu nane. Inalia mpaka jirani anaamka, lakini visingizio vimeisha.

Usije ukadhani mambo yalinyooka. Siku tatu za kwanza ilikuwa ni msiba humu ndani. Siku ya nne nikamkuta baba watoto ndo ameinama kwenye ndoo saa sita usiku anaangalia matokeo ya mpira, akasema anatafuta maji. Kwenye ndoo. Kijana wangu alikuwa analala chali macho dirishani mpaka saa sita, saa ya mwili haigeuzwi kwa fimbo. Tukampa redio ndogo, asikilize taarabu za watu wazima zimchoshe. Wiki ya tatu nne hivi akaanza kusinzia kabla ya saa nne na nusu. Kosa jingine nililokuwa nafanya ni kumuacha Jumapili alale mpaka saa sita mchana alipe deni, nikiona namhurumia, kumbe Jumapili usiku usingizi unagoma na Jumatatu anaharibika upya, siku hizi Jumapili saa mbili naita. Jumamosi usiku ndoo inafungwa saa tano badala ya saa tatu na nusu, hiyo tulipatana, na gemu lake analicheza Jumamosi mchana kwa bando la mchana ambalo nachangia nusu. Ndio, nanunua bando la gemu, shoga zangu wameshanisema wakachoka. Ila ni rahisi kuliko rozela.

Bado hafikishi masaa 8. Anapata 6, siku nzuri 6 na nusu. Nashindwa kufika 8 kwa sababu ya ile alfajiri na daladala, na hilo sina ndoo yake. Hesabu imepanda imefika 51. Lile grupu la usiku nilikwenda kwa mwalimu wa malezi, bila kutaja nani kaniambia, akaongea na darasa zima, stika zimepungua hazijaisha.

Na walimu nao, nawaheshimu sana na najua mishahara yenu, lakini ile ya kutuma maswali ya PDF kwenye grupu la wazazi saa nne usiku yakusanywe kesho asubuhi, mnatubomolea ndoo. Tumeni saa kumi na moja jioni.

Sasa nirudi kwa wenye bando. Korea Kusini kuanzia 2011 walikuwa na sheria inayowazuia watoto chini ya miaka 16 kucheza gemu za kwenye mtandao, na unajua masaa gani? Saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Yale yale! Wenzetu waliyaangalia masaa hayo sita wakasema mtoto asiingie, sisi tumeyaangalia hayo hayo sita tukayawekea punguzo. Haki ya Mungu nilivyosomewa hiyo nilimwambia binti rudia tena.

Siombi sheria kama ile. Wakorea wenyewe waliifuta, walitangaza 2021 na mwanzoni mwa 2022 ikaondoka, maana ililenga gemu za kompyuta wakati watoto wameshahamia kwenye simu, na wengine walikuwa wanaingia kwa namba za vitambulisho vya wazazi wao, kitu ambacho mama mwenye laini ya mtoto kwa kidole chake anakielewa vizuri. Australia nao kuanzia tarehe 10 Desemba 2025 wamezitaka kampuni za mitandao zisiwape akaunti watoto chini ya miaka 16, ngoja tuone wao watafika wapi, ila hapa kwetu mtoto anaandika amezaliwa 1990 na safari inaendelea.

Ninachoomba ni kidogo. Najua usiku mitambo inakaa bure ndo maana mnauza rahisi, hata mimi kitenge kisichotoka nakishusha bei. Basi hata kama bando la usiku litabaki, wekeni laini ya mtoto. Nikija kusajili laini mkaniuliza hii ni yako au ya mtoto, nikasema ya mtoto, kwenye laini hiyo bando la usiku lisionekane kwenye menyu, na hela ile ile impe kitu cha maana saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku, akicheza na wenzake wakamaliza wakalala. Kidole mnacho, tarehe yangu ya kuzaliwa mnayo, meseji za "umepata ofa kabambe" saa sita na dakika moja mnajua kuzituma kwa usahihi kabisa, hili haliwezi kuwashinda. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nao walitazame, wao ndo wanaosimamia hivyo vifurushi, na kila siku wanatuhimiza tuhakiki laini zilizosajiliwa kwa majina yetu. Mimi nimehakiki. Zipo tatu, na ya tatu ni ya mtoto wa Form Three.

Ikiwa kuna mhusika wa kampuni yoyote ya simu amesoma mpaka hapa na anataka kuongea na mimi, mhariri unayo namba yangu, mpe. Ila apige mchana, au jioni kabla ya saa tatu na nusu. Baada ya hapo itaita kwenye ndoo.

Fundi cherehani, mama wa watoto watatu
Mbagala, Dar es Salaam